Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za maisha ya Lamu wakati wa masharti ya korona

Amri za serikali za mwaka 2020 na 2021 zilichapishwa katika gazeti rasmi na hotuba zake zimehifadhiwa, kwa hiyo atakaye kujua siku ambayo kafyu ilianza au siku ambayo shule zilifungwa hatapata taabu kubwa. Kisichopatikana katika makaratasi hayo ni namna amri zilivyofika katika vichochoro vya Langoni na Mkomani, zilivyopokewa gatini na majikoni, na yale watu waliyoyasema juu yake walipokuwa wamekaa wenyewe kwa wenyewe. Hayo yamo vichwani mwa watu, na vichwa huchanganya mambo: kafyu ya saa moja na kafyu ya saa nne zimeshaanza kuwa kafyu moja, na wapo wanaokumbuka chanjo kana kwamba ilifika wakati misikiti ingali imefungwa. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwalimu, kijana wa kikundi cha mtaa, au mtu yeyote mwenye simu, daftari na subira, ambaye angependa kukusanya kumbukumbu hizo kabla hazijafifia zaidi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Usimwulize mtu wa Lamu maoni yake yalikuwa yapi kuhusu masharti ya korona, kwa maana atakujibu kwa adabu, na adabu si maoni. Mwulize alivyoamka, alivyofuturu, alivyosafiri na alivyomzika maiti wake, na maoni yatatoka yenyewe yakiwa na tarehe na sababu zake.

Tengeneza kalenda kabla ya kubisha hodi

Kazi ya kwanza hufanywa nyumbani. Chukua karatasi kubwa, uigawe safu mbili, na katika safu ya kwanza uandike matukio ya serikali kwa tarehe zake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na siku mbili baadaye Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini Kenya. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi, na tarehe 27 Machi kafyu ya nchi nzima ikaanza, ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili barakoa ikawa lazima hadharani, na kanuni zikaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku mwezi Juni 2020, hadi saa tano mwishoni mwa Septemba, ikarudishwa saa nne mwezi Novemba, na haikuondolewa kabisa hadi tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Madarasa ya mitihani yalirudi shuleni Oktoba 2020 na wanafunzi wengine Januari 2021. Chanjo za kwanza ziliwasili Kenya tarehe 3 Machi 2021, na sharti la barakoa katika maeneo ya wazi liliondolewa Machi 2022.

Katika safu ya pili andika kalenda ya mji wenyewe, nayo ndiyo utakayoitumia unapozungumza na watu. Ni wachache watakaokuambia kilichotokea tarehe 27 Machi, lakini karibu kila mtu atakuambia kilichotokea katika Ramadhani ile, au pale kusi ilipoanza kuvuma kwa nguvu, au katika Mfungo Sita, mwezi ambao mji huwa ukingojea wageni wa Maulidi. Ramadhani ya 2020 iliandama karibu na tarehe 25 Aprili na Idi ikaangukia mwishoni mwa Mei, maana yake mwezi wote wa kufunga ulipita chini ya kafyu kali kuliko zote. Ramadhani ya 2021 ilianza katikati ya Aprili, na hali ilikuwa nyingine. Msimulizi anaposema "mwezi wa Ramadhani", mwulize ni ile ya kwanza au ya pili, usidhani tu.

Jambo jingine la kuliweka sawa katika kalenda ni suala la kufungwa kwa Lamu, kwa sababu hapo ndipo wakusanyaji wengi kutoka nje watakapotatizika. Mapema Aprili 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi, kisha katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi. Kaunti ya Lamu haikuwamo. Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa Lamu kama mji ulifungwa, huenda akakuambia ndiyo, na hatakuwa amekosea. Barabara ya kwenda Mombasa hutoka Mokowe ikapita Witu na Garsen, kisha ikaingia Kilifi na kufika Malindi. Kilifi ilipofungwa, abiria wa Lamu hakuwa na pa kupita, ingawa malori ya mizigo yaliruhusiwa. Mgonjwa aliyetakiwa kupelekwa Mombasa, mfanyabiashara aliyezoea kununua bidhaa Malindi na kijana aliyekwama Nairobi shule zilipofungwa wote waliishi kufungwa ambako hakukuandikwa katika amri yoyote iliyoitaja Lamu. Kilifi na Kwale zilifunguliwa tarehe 7 Juni, Mombasa na Nairobi mwezi mmoja baadaye. Andika tarehe hizo kwa wino wa rangi nyingine, utazihitaji mara nyingi.

Chagua watu, wala usiridhike na baraza

Ni rahisi kwenda Mkunguni mbele ya Ngome, kukaa na wazee, kunywa kahawa chungu na kurudi nyumbani na saa nzima ya mazungumzo matamu. Baraza ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini baraza ni la wanaume, tena wa umri fulani, na huwa na msemaji wake ambaye wengine humwachia nafasi. Kumbukumbu za zama za korona kwa sehemu kubwa ni za ndani ya nyumba, na waliokuwa wakizibeba nyumba hizo ni wanawake.

Panga watu wako kwa namna walivyojipatia riziki na mahali walipoishi. Tafuta mfanyakazi wa hoteli ya Shela aliyeambiwa arudi kwao ndege za watalii ziliposimama. Mtafute mwenye punda wa kuchukua mizigo, maana magari katika mji huu ni ya kuhesabu na kila mfuko wa unga uliofika gatini ulipandishwa kwa punda au kwa mabega ya mchukuzi. Tafuta mvuvi wa Kizingitini au Faza aliyekuwa akiuza kaa na kamba kwa wanunuzi wa hoteli na wa nchi za nje, mkulima wa Mpeketoni au Hindi, huko bara, ambaye hadithi yake ya soko ni mbali kabisa na ya watu wa kisiwani, mwalimu wa madrasa, muuguzi, mama anayeuza mahamri na viazi karai jioni, na mtu aliyekuwa darasa la mwisho mwaka 2020. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima. Huwezi kuwafikia wote, lakini waweza kuhakikisha kwamba kumbukumbu zako hazikutoka katika mtaa mmoja.

Kuanzia Mei 2020 Shirika la Kitaifa la Takwimu pamoja na Benki ya Dunia walikuwa wakiwapigia watu simu kote nchini kuuliza hali za kaya zao. Kazi ile ilikuwa na faida yake, kwani ilipata picha ya nchi nzima wakati ambapo hakuna aliyeweza kubisha mlango. Lakini asiye na simu hapigiwi, na mwenye simu ya kushiriki na mumewe huzungumza mumewe akisikia. Wewe unayeweza kwenda kwa miguu anzia kwa watu hao.

Ruhusa na siri

Ikiwa kazi yako ni ya chuo au ya taasisi, utahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, inayojulikana kwa kifupi NACOSTI, na utakipeleka kwa kamishna wa kaunti kabla ya kuanza. Ikiwa unakusanya habari za ukoo wako au mtaa wako, kibali hicho hakikuhusu, lakini mjulishe mzee wa mtaa na chifu. Mgeni aendaye nyumba kwa nyumba na kinasa sauti katika Lamu, ambako habari za usalama zimewachosha watu kwa miaka mingi, atazua maswali upesi.

Watakaokusimulia watakusimulia pia makosa. Watasema walivunja kafyu, walivuka njia za panya kuingia Malindi, waliswali kwa siri, walizika wakiwa wengi kuliko idadi iliyoruhusiwa, ambayo mwanzoni ilikuwa watu 15. Watasema nani katika jamaa aliugua na nani alificha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hata isingekuwapo sheria hiyo, mji ni mdogo na sauti hujulikana. Mweleze msimulizi kabla ya kuwasha simu: unakusanya nini, nani atasikia, na kwamba anaweza kukuambia ufute neno lolote hata baada ya mwezi mmoja. Usiandike jina lake katika karatasi ile ile yenye maneno yake. Mpe alama, na orodha ya alama na majina iweke mahali pengine. Akitaja jina la jirani, liache nje ya maandishi.

Mahali pa kukaa na swali la kwanza

Mwanamume wa makamo huzungumza vizuri barazani au katika daka la nyumba yake, pale penye viti vya mawe kabla ya mlango wa ndani. Mwanamke mwenye nyumba mara nyingi atakukaribisha kiwandani, yaani katika ua wa ndani ya nyumba, au katika msana, chumba kirefu kinachoelekea ua huo, na ikiwa mkusanyaji ni mwanamume basi ni afadhali afuatane na dada, shangazi au mke wa rafiki, au amwachie mwanamke kazi hiyo moja kwa moja. Naona hili la pili ni bora, si kwa sababu ya heshima peke yake bali kwa sababu mazungumzo huwa mengine. Nenda baada ya swala ya alasiri, si kabla ya adhuhuri wakati chungu kiko jikoni. Simu ya kurekodia iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isinase mgongano wa vikombe, na uielekeze mbali na njia: kilio kimoja cha punda kinaweza kufuta sentensi uliyoisubiri nusu saa. Adhana ikianza, simamisha kurekodi na usubiri.

Salamu zisifanyiwe haraka. Uliza hali ya mwenyeji, ya watoto, ya mgonjwa ikiwa yupo, kisha uingie katika shughuli. Natunga hapa mfano wa mazungumzo mawili ili tofauti ionekane. Kijana anazungumza na nahodha mzee.

"Ami, kafyu uliionaje?"

"Ilikuwa sheria, mwanangu. Sheria hufuatwa."

Hapo mazungumzo yamekufa, na aliyeyaua ni mwulizaji. Sasa kijana yule yule aanze upande mwingine.

"Ami, siku zile za kafyu ya saa moja, mlikuwa mkirudi diko saa ngapi?"

"Saa kumi hivi. Ukichelewa huna wa kumwuzia, wachuuzi wote washakwenda kwao."

"Na mkikosa mnunuzi?"

"Twagawia majirani, wengine twaanika. Barafu ilikuwa taabu. Wakubwa walisema tukae nyumbani jioni. Haya. Lakini samaki hajui saa moja."

Katika majibu hayo mna saa, mna hasara, mna ujirani, na mna maoni ya nahodha kuhusu amri, ambayo hakuombwa ayatoe. Maswali mazuri ni ya namna hiyo: Nani alikwenda sokoni? Barakoa ya kwanza ya nyumba hii ilitoka wapi, ilishonwa au ilinunuliwa? Watoto walisoma nini shule zilipofungwa, na redio au televisheni yenye vipindi vya masomo ilikuwa ya nani? Arusi iliyokuwa imepangwa ilifanyikaje? Nani alikuwa safarini amri ilipotoka, na alirudi lini na kwa njia gani? Baada ya kila jibu uliza "kisha?" na unyamaze.

Kunyamaza ni sehemu ya kazi. Mkusanyaji mgeni huogopa kimya na hukijaza kwa swali jipya, na hivyo hukata jambo ambalo msimulizi alikuwa akilitafutia maneno. Hesabu polepole hadi kumi kabla ya kuuliza tena.

Swala, futari na mazishi

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa kuwa hapa ndipo amri ziligusa moyo wa mji. Lamu ni mji wa misikiti, na swala za jamaa zilisimamishwa tangu mwezi ule wa Machi 2020. Zilipofunguliwa kwa awamu mwezi Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 na zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Fikiri maana ya sharti hilo la mwisho kwa mzee wa miaka 70 ambaye hajakosa safu ya mbele tangu ujana wake, na ambaye sasa msikiti umefunguliwa lakini si kwake. Mzee huyo mtafute. Mwulize alivyokuwa akijua wakati wa swala, aliswali na nani, na siku aliyorudi aliona nini kimebadilika.

Kuhusu Ramadhani ya 2020, uliza habari za dakika zile za jioni kwa undani. Jua la Lamu mwezi huo huzama kama saa kumi na mbili na robo, na kafyu ilianza saa moja. Baina ya adhana ya magharibi na kafyu zilikuwamo dakika arubaini na tano hivi, na ndani yake mtu alitakiwa afungue, aswali, na kama alifuturu kwa mamake au kwa wakwe awe amesharudi kwake. Swala ya isha na tarawehe zikaangukia ndani ya kafyu. Sahani za futari ambazo kwa kawaida huvuka kichochoro kutoka nyumba hii hadi ile zilipitaje? Zilitumwa mapema, zilipitishwa dirishani, au ziliachwa kabisa? Waulize wanawake, maana wao ndio wanaozijaza na kuzituma. Mwenye kukumbuka kwamba mwaka ule alipika muhogo nusu ya kawaida kwa kuwa hakuna wa kumgawia anakuambia habari za kafyu kuliko mtu atakayekupa hotuba.

Watafute pia waliokuwa wameweka akiba ya Haji. Mwaka 2020 na 2021 Saudia iliruhusu Haji kwa waliomo ndani ya nchi ile tu, na baadhi ya wazee waliokuwa na nia hawakupata mwaka mwingine. Jambo hili huguswa kwa upole na mara moja, halafu huachwa.

Kwa mazishi fuata kanuni hiyo hiyo. Uliza nani aliosha, nani alimswalia maiti, jeneza lilipita njia gani, na matanga yalikaliwa vipi. Msimulizi akinyamaza kwa uzito, zima simu na umwulize kama angependa muendelee siku nyingine.

Uvumi, tiba za nyumbani na chanjo

Ukimwuliza mtu kama aliamini kwamba korona ipo, atajitetea, kwa sababu leo anajua jibu linalotarajiwa. Mwulize alisikia nini, alisikia kwa nani, na akafanya nini baada ya kusikia. Mtu aweza kuwa alicheka ujumbe wa sauti uliotumwa katika kikundi cha simu na bado usiku ule ule akajifukiza kwa majani ya mwarobaini na kunywa tangawizi na ndimu. Kitendo na kicheko vyote viandikwe. Usimsahihishe. Kazi ya daktari ni nyingine na muda wake ulikuwa mwingine.

Tenganisha pia alichokiona kwa macho na alichokiona simuni. Picha za polisi wakirusha gesi ya machozi na kuwapiga watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni siku ya kwanza ya kafyu zilisambaa nchi nzima, na Rais akaomba radhi siku chache baadaye. Mtu wa Lamu aweza kukusimulia tukio lile kwa hasira kana kwamba alikuwapo. Hilo si uongo, lina thamani yake, kwa kuwa laonyesha hofu iliyofika kabla ya askari mwenyewe kufika. Ila katika daftari liwe na alama yake: "aliona kwa simu".

Kwa chanjo, uliza kisa cha siku yenyewe: nani alimshawishi, walikwenda wangapi, alingoja wapi, mkono ulimwuma kwa muda gani. Aliyekataa naye mwulize kisa cha kukataa, kwa sauti ile ile.

Usichanganye kafyu na kafyu

Watu wa Lamu hawakuanza kujua amri ya kutotoka usiku mwaka 2020. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kaunti iliwekewa kafyu, na wavuvi walikuwa na marufuku yao ya kuvua usiku kwa miaka. Kwa sababu hiyo wengi walipima kafyu ya korona kwa kipimo ambacho mtu wa Nairobi hakuwa nacho: wapo waliosema hii ni nyepesi kwa kuwa ni ya nchi nzima na haiwanyooshei kidole wao, na wapo walioiona kuwa nyongeza juu ya jeraha. Msimulizi akitaja askari gatini, mwulize kwa utaratibu kama ni habari za korona au za kabla, kisha umwache alinganishe mwenyewe akitaka. Ulinganisho huo ni miongoni mwa mambo ya thamani kubwa utakayoyapata, na haupatikani katika utafiti wa simu.

Vitu na karatasi

Baada ya mazungumzo, omba kuona vitu. Picha zilizomo ndani ya simu huwa na tarehe, na picha ya watoto wakiwa wamevaa barakoa siku ya Idi itamsaidia msimulizi kukumbuka yaliyokuwa nje ya picha. Ujumbe wa M-Pesa una faida ya pekee: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020 kutuma shilingi 1,000 au chini ya hapo hakukutozwa ada, na watu walitumiana fedha ndogo ndogo kwa wingi. Mwenye kuhifadhi ujumbe wake akikubali kuusoma mwenyewe kwa sauti, utajua nani alimsaidia nani na katika mwezi gani. Usiupige picha ujumbe huo, wala usiandike namba.

Tafuta pia mashairi. Lamu haina tukio lisilotungiwa beti, na mengi yalizunguka kwa simu yakiwa yamesomwa kwa sauti bila ya kuandikwa. Ukipewa shairi, andika jina la mtunzi kwa ruhusa yake tu, na uulize lilisomwa mara ya kwanza wapi.

Ikiwa wewe ni mwalimu, kuna njia nyingine isiyohitaji kurekodi. Huko Uingereza shirika la Mass Observation, lililoanzishwa 1937, liliwaomba watu wa kawaida waandike yote waliyoyafanya katika siku moja, tarehe 12 Mei mwaka huo, na zoezi hilo likarudiwa baadaye, pamoja na mwaka 2020. Kwa Lamu chagua siku ya Idi ya 2020. Kila mwanafunzi amwombe mtu mzima mmoja wa nyumbani amweleze siku hiyo tangu alfajiri hadi kulala, aandike ukurasa mmoja bila ya kupamba. Kurasa thelathini za siku moja zikiwekwa pamoja husomeka kwa namna ambayo mahojiano marefu hayafikii.

Kuandika na kuhifadhi

Andika maneno kama yalivyosemwa. Msimulizi akisema ndia, nti na mato, usimgeuze kuwa mwanafunzi wa insha kwa kuandika njia, nchi na macho. Weka maelezo pembeni kwa msomaji wa mbali. Pembeni mwa kila maoni andika ni ya wakati gani, kwa sababu mtu yule yule aliyeunga mkono kafyu mwezi Aprili 2020 aweza kuwa aliilaani mwezi Agosti 2021, na yote mawili ni kweli yake. Watu wawili wakipingana, waache wapingane katika kurasa mbili zinazofuatana. Usitafute asilimia katika watu ishirini, na usiandike "watu wa Lamu waliona" pale ambapo walioona ni wavuvi watatu wa Matondoni.

Msomee msimulizi maandishi yake kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, kwa sauti, mahali pale pale mlipozungumza, na ufute anachotaka kifutwe. Kisha tengeneza nakala tatu: moja ya jamaa yake, moja yako, na moja ya maktaba au shule itakayokubali kwa maandishi kuifungia au kuifungua kama msimulizi alivyoagiza. Jina la kila faili liwe na alama ya msimulizi, mtaa au kisiwa, kazi yake ya mwaka 2020, na tarehe ya mazungumzo, kwa mpangilio huo huo kila mara.